Risasi zinapita juu na bunduki ni nzima: kutafuta kosa kati ya FFP na SFP

Malalamiko mengi ya darubini za bunduki hapa Nairobi huanza kwa kulaumu kitu kingine. Mtu atasema mtutu umechakaa, au boksi lile la risasi ni bovu, au darubini imepoteza ziro, yaani risasi haiendi tena pale msalaba unapolenga. Mwulize zumu ilikuwa kwenye namba gani alipofyatua, na mara nyingi atanyamaza kwa sababu hakuitazama. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, jinsi wapigaji wenyewe wanavyozieleza, ili utenganishe makosa yanayotokana na mahali msalaba (ile mistari ya kulengea unayoiona ukichungulia) ulipowekwa ndani ya darubini na yale ambayo msalaba unasingiziwa tu. Namwandikia mlenga shabaha mwenye leseni, anayepiga karatasi na chuma uwanjani. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na jambo hilo lina uzito katika uchaguzi wa darubini kuliko wengi wanavyodhani. Nitalirudia huko mbele.

Kwanza, kilichomo ndani

Picha inayoingia kwenye darubini hukusanyika mara mbili kabla ya kulifikia jicho lako. Mara ya kwanza ni nyuma ya lenzi ya mbele, kabla ya zile lenzi za katikati zinazosogea unapozungusha pete ya zumu. Mara ya pili ni baada ya lenzi hizo, karibu na jicho. Hapo pawili ndipo panapoitwa fokasi ya kwanza na fokasi ya pili, na mtengenezaji huchagua moja kati yake aweke msalaba. Kwenye boksi, fokasi ya kwanza huandikwa FFP (first focal plane) na ya pili SFP (second focal plane).

Chukua picha kwenye simu. Ukiandika mstari juu ya picha yenyewe kisha uikuze kwa vidole viwili, mstari nao unakua. Hiyo ni FFP. Ukichora mstari kwa kalamu juu ya kioo cha simu, utaikuza picha upendavyo na mstari utabaki vilevile. Hiyo ni SFP. Kila dalili ya fokasi utakayoisoma hapa chini inatokana na tofauti hiyo moja.

Vipimo viwili vya pembe vya kukumbuka: mili 1 ni sentimita 10 kwenye mita 100, na MOA 1 (dakika moja ya pembe) ni sentimita 2.9 hivi kwenye umbali huohuo. Mili 1 ni sawa na MOA 3.44. Umbali ukiongezeka maradufu, na sentimita zinaongezeka maradufu.

Jaribio la msingi la kutambua kosa ni hili: badilisha zumu peke yake, kila kitu kingine ukiache kilivyo. Kosa likibadilika pamoja na zumu, chunguza fokasi. Kosa likibaki palepale, msalaba hauna hatia, tafuta kwingine.

"Katikati napiga sawa, lakini nikishikia alama za chini risasi zinaruka"

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayowagharimu watu risasi nyingi zaidi.

Uwanda wa Athi, saa sita mchana. Mzee mmoja amelala nyuma ya bunduki yake, bati la chuma liko mita 400. Darubini ni ya zumu 4 hadi 16, msalaba una alama za mili. Asubuhi alikuwa amepiga bati hilo bila taabu. Sasa kila risasi inatimua vumbi kwenye tuta, juu sana ya bati. Amekwisha kaza skrubu zote. Nikamwuliza, "Mzee, asubuhi ulikuwa kwenye zumu ngapi?" Akajibu, "Kumi na sita, kijana, lakini mazigazi yamezidi, bati linacheza kama liko majini, nimeshusha hadi nane." Jedwali lake la mshuko wa risasi lilimwambia ashikie mili 2.5, yaani alenge kwa alama hiyo badala ya katikati, naye alishikia alama ya 2.5 kama alivyofanya asubuhi.

Hesabu yake ni fupi. Darubini ya SFP huwa na namba moja tu ya zumu ambapo alama zake zinasema kweli. Kwa darubini ile ilikuwa 16. Ukiishusha hadi 8, picha inapungua nusu lakini msalaba unabaki na ukubwa wake, kwa hiyo kila alama sasa inafunika pembe maradufu. Alama ya 2.5 ikawa mili 5. Ziada ni mili 2.5, na kwenye mita 400 hiyo ni mita moja kamili. Risasi ilikuwa inapita mita moja juu ya mahali alipokusudia, na bunduki ilikuwa inatenda kile hasa ilichoagizwa. Aliposhikia alama ya 1.25, bati likalia.

Kanuni yake: chukua namba ya zumu ambapo alama ni za kweli, gawanya kwa namba uliyoko sasa, kisha zidisha na alama unayoitazama. Kumi na sita kwa nane ni mbili. Kumi na sita kwa kumi na mbili ni 1.33. Mtu aliyelala juani, saa ya mashindano inakimbia, hataki kuzidisha kwa 1.33. Ndiyo maana nasema ukiwa na SFP jizoeze kutumia namba mbili tu, ile ya kweli na nusu yake. Zichore kwa rangi nyeupe kwenye pete ya zumu, au bandika kipande chembamba cha tepu, uzihisi hata kwa kidole.

Namba ya kweli iko wapi? Mara nyingi ni ile ya juu kabisa. Lakini baadhi ya darubini zenye zumu kubwa huwekewa namba ya katikati, kama 10, na mtengenezaji huiwekea nukta au rangi tofauti kwenye pete. Soma kijitabu kilichokuja nayo. Kisha usikiamini kijitabu mpaka uhakikishe kwenye karatasi, kwa sababu hata namba zilizochongwa kwenye pete si lazima ziwe sahihi kabisa. Nusu halisi inaweza kuwa kwenye saba na kitu badala ya nane.

Namna ya kuhakikisha: bandika kwenye ubao karatasi ndefu yenye mistari kila sentimita 10, uipeleke mita 100 kamili kwa utepe wa kupimia. Usipime kwa hatua. Bunduki iwe tupu, bolti imetolewa, imelala kwenye mifuko ya mchanga, na msimamizi wa uwanja amekubali. Tazama. Mahali ambapo mili moja ya msalaba inalingana na nafasi moja ya karatasi, hapo ndipo namba yako ya kweli. Endelea kushusha zumu hadi alama moja ifunike nafasi mbili, hapo ndipo nusu yako. Uwanja mfupi wa mita 50 unafaa pia, mistari iwe kila sentimita 5. Kazi hii ifanyie uwanjani tu. Kutoa bunduki kwenye sefu na kuchungulia nayo kutoka kibarazani mwa fleti, South B au kwingineko, hata ikiwa tupu, ni kuwatisha majirani na kujiitia polisi mlangoni.

Kwa FFP jaribio hilohilo litaonyesha mili moja ni nafasi moja kwenye kila zumu. Isipoonyesha hivyo, umepima umbali vibaya au aliyekuuzia hakukwambia kweli.

Kuna dawa nyingine ambayo wenye SFP huisahau: zungusha nobu, kile kifundo cha kusogezea ziro kwa kliki. Kliki ya nobu husogeza picha kwa pembe ileile, zumu iwe 4 au 16, fokasi iwe ya kwanza au ya pili. Anayezungusha nobu kwa kila umbali kisha akashikia katikati ya msalaba hana haja ya kujua fokasi yake iko wapi, isipokuwa upepo ukimlazimisha kushikia pembeni. Na upepo humlazimisha. Alama za pembeni nazo hunyooka na kujikunja pamoja na zumu kama zile za chini, na huko kosa ni gumu zaidi kulitambua kwa sababu mpigaji hudhani amesoma upepo vibaya.

"Nikikadiria umbali kwa msalaba napata majibu ya ajabu"

Chanzo ni kilekile, ila kimehamia kwenye hesabu. Umbali kwa mita ni kimo cha shabaha kwa mita, mara 1000, kugawanya kwa mili. Bati la sentimita 50 lililoko mita 400 ni mili 1.25. Kwenye SFP iliyoshushwa nusu, bati hilo litafunika alama 0.625 tu, na hesabu itakuletea mita 800. Ukiona jibu lako ni mara mbili ya akili ya kawaida, itazame pete ya zumu kabla ya kurudia hesabu.

"Nikishusha zumu sioni msalaba"

Hapa zamu ya lawama ni ya FFP, na lawama yenyewe ni ya haki.

Mstari wa msalaba wa FFP una unene wa pembe moja daima. Tuseme ni mili 0.03. Kwenye zumu 25 jicho linauona kama mili 0.75, yaani zaidi ya MOA 2.5, mweusi na wazi. Shusha hadi 5, jicho linaletewa mili 0.15, yaani nusu ya MOA. Jicho zima hutenganisha vitu viwili kwa kama MOA 1. Mstari mwembamba kuliko hapo bado unaweza kuonekana ukiwa mweusi juu ya karatasi nyeupe, lakini mbele ya kichaka, kivuli au tuta la udongo unapotea, na tarakimu zake zinageuka kuwa ukungu.

Dalili hii huwa mbaya zaidi jioni. Hapa kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza haliji polepole.

Kabla ya kuitangaza darubini kuwa mbovu, fanya mambo mawili. Geuza lenzi ya jicho huku ukitazama mbingu safi au ukuta mweupe, mpaka msalaba uwe mkali pale tu unapotupia jicho. Wengi wananunua darubini ya pesa nyingi na hawagusi lenzi hiyo hata mara moja, na msalaba wa FFP ukiwa na ukungu kwenye zumu kubwa, kwenye zumu ndogo utakuwa umekufa kabisa. Pili, kama ina taa, washa, kiwango cha chini kwanza. Taa kali huziba shabaha kuliko inavyosaidia.

Ikishindikana, tatizo ni la uchaguzi. Kuna misalaba ya FFP yenye nguzo nene pembeni zinazoelekeza jicho katikati zumu ikiwa ndogo, na kuna ile iliyojaa nukta nyembamba kama mti wa Krismasi ambayo chini ya zumu 8 haifai kitu. Ukienda kununua, itazame darubini ikiwa kwenye zumu ndogo kabisa. Wauzaji hupenda kukuonyesha ya juu kabisa kwa sababu huko kila FFP inapendeza.

Kwa darubini ndogo za 1 hadi 6 au 1 hadi 8 ninasimama wazi upande wa SFP, mradi mwenyewe anapiga karibu. Kwenye zumu 1 unataka nukta au msalaba ulio imara, unaouona macho yote mawili yakiwa wazi. FFP ya 1 hadi 8 kwenye 1 hukupa doa dogo, na bila taa yenye nguvu ya kushindana na jua la mchana unabaki unalitafuta. Zipo zilizotatua jambo hili kwa duara nene kuzunguka katikati. Hizo zitazame kwa makini, zinastahili.

"Msalaba unaifunika shabaha"

Ni upande wa pili wa jambo lilelile. Mili 0.03 ni milimita 3 kwenye mita 100, milimita 9 kwenye mita 300. Kwa bati la chuma hakuna taabu. Lakini mpigaji wa .22, bunduki ya risasi ndogo, anayetaka kuona tundu lake la milimita tano na kitu kwenye mita 100, akiwa na FFP ya mstari wa mili 0.05, anatazama mstari unaokaribia kulifunika tundu zima, na kuongeza zumu hakumsaidii kwa sababu mstari unakua pamoja na tundu. Kwenye SFP, kuongeza zumu kunausaidia mstari kuwa mwembamba juu ya shabaha. Mstari unaofunika milimita 12 kwenye zumu 4 utafunika 3 kwenye 16.

Ndiyo maana wapigaji wengi wa F-Class, mashindano ya kulenga karatasi mbali bunduki ikiwa imeegemezwa, wamebaki na SFP. Duara la ndani kabisa la shabaha yao ya yadi 1,000 lina upana wa inchi 5, sawa na nusu ya MOA. Umbali wanaujua, zumu hawaigusi, nobu wanazungusha. Wanachotaka ni nukta nyembamba isiyoziba kitu. Mtu akikwambia FFP ni ya wataalamu na SFP ni ya wanafunzi, mweleze habari za hao.

"Nikizungusha zumu, ziro inahama"

Hapa inabidi kwenda taratibu, maana vyanzo viko zaidi ya kimoja.

Kwenye SFP msalaba uko nyuma ya lenzi zinazosogea. Lenzi hizo zikiyumba hata kidogo sana ndani ya neli yao, picha inasogea na msalaba haufuati, na mahali unapolenga panabadilika. Kwenye FFP msalaba uko mbele ya lenzi hizo, picha na msalaba husafiri pamoja, na lenzi zikiyumba zinaviyumbisha vyote viwili. Unaweza hata kuona msalaba wa FFP umesogea kidogo kutoka katikati ya duara la kutazamia unapobadilisha zumu. Usiogope. Shabaha nayo imesogea vilevile.

Jaribio: bunduki tupu, bolti nje, ilaze imara kabisa kwenye mifuko ili isitikisike. Weka katikati ya msalaba kwenye nukta ya mita 100. Zungusha zumu kutoka chini hadi juu bila kuisukuma bunduki, na hilo ni gumu kwa sababu pete nyingine ni nzito, kwa hiyo shika darubini kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine. Msalaba ukitoka kwenye nukta, rudi chini uone kama unarudi. Ukitoka na kurudi njia ileile kila mara, ni lenzi za ndani. Sentimita moja au mbili kwenye darubini ya bei ndogo ni jambo la kutegemea. Ipige ziro kwenye zumu utakayotumia na uiache hapo. Ukitoka bila mpangilio, leo kulia kesho juu, ondoka kwenye fokasi, nenda kwenye skrubu za pete za kufungia na za besi, ile sehemu inayoshikilia pete juu ya bunduki. Zikaze kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira unaibana neli, na neli iliyobanwa huleta dalili hizihizi.

Ikiwa darubini ni FFP na kundi la matundu kwenye karatasi linahama kweli unapobadilisha zumu, nisingeanza na fokasi hata kidogo. Ningeanza na paralaksi, ambayo naieleza hapo chini.

"Nimepiga chini mili 1, nimerekebisha, bado"

Tazama maandishi kwenye nobu. Zipo darubini, hasa za zamani, zenye msalaba wa mili na nobu ya MOA. Umeona kwa msalaba kuwa risasi iko chini mili 1, ukazungusha kliki 10 kama ulivyofundishwa kwa nobu ya mili, lakini kila kliki ni robo ya MOA. Ulihitaji kliki 14. Fokasi haihusiki, ingawa kwenye SFP iliyoshushwa zumu makosa hayo mawili hujumlishana na kumchanganya mtu kabisa. Binafsi singenunua darubini ya lugha mbili hata nikipunguziwa bei.

Yanayosingiziwa fokasi

Paralaksi ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Tikisa kichwa kidogo juu na chini bila kugusa bunduki. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, picha haijakusanyika pale msalaba ulipo kwa umbali huo. Geuza nobu ya paralaksi iliyo pembeni mpaka utulie, na usiziamini sana namba za mita zilizochongwa juu yake. Darubini zisizo na nobu hiyo mara nyingi zimewekwa kiwandani kwa yadi 100, kwa hiyo kwenye mita 25 au 300 weka shavu mahali palepale kila mara. FFP na SFP zinaugua ugonjwa huu sawasawa.

Kuinama. Darubini ikiwa imelala digrii 3 upande mmoja na ukashikia mili 5 chini, risasi itakwenda pembeni robo ya mili, ambayo kwenye mita 500 ni sentimita 13. Anayepiga huona "upepo". Pima kwa pimamaji ndogo juu ya besi, na uzi wenye jiwe ukining'inia mita 50 mbele, kisha ulinganishe mstari wa wima na uzi.

Halafu kuna mwinuko wa ardhi, na hili linatuhusu sisi hasa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15, na risasi hukutana na ukinzani mdogo zaidi. Jedwali lililochapishwa kwenye boksi la risasi kwa kawaida limehesabiwa kwa usawa wa bahari. Ukilifuata hapa, kwenye mita 200 hutaona tofauti ya maana, lakini kadiri unavyosonga mbele ya mita 500 utapiga juu, na juu zaidi. Bunduki iliyoandaliwa Nairobi ikishuka Mombasa hufanya kinyume chake. Namna ya kuitenganisha na kosa la SFP ni lile jaribio la mwanzo: kosa la hewa hukua na umbali na halijali zumu. Kosa la fokasi hubadilika zumu inapobadilika, hata kama shabaha haijasogea hata hatua moja.

Na misalaba yenye alama za umbali badala ya mili, ile inayosema alama hii ni ya mita 300 na hii ya 400, imebeba makosa yote mawili tumboni: imechorwa kwa risasi fulani na hewa fulani, na kwenye SFP inasema kweli kwenye zumu moja tu. Jaribu kila alama kwa risasi zako mwenyewe, uandike umbali halisi kwenye kikaratasi ubandike kwenye kitako.

Basi ununue ipi?

Darubini za kitamaduni za Ulaya zilikuwa FFP, zenye nguzo nene kwa ajili ya kuwinda nguruwe mwitu jioni. Wamarekani walizoea SFP yenye nyuzi nyembamba. Sababu za wote wawili zilitokana na uwindaji, na sisi hatuwindi. Tunapiga karatasi na chuma, mara nyingi mchana, mara nyingi kwenye uwanda unaochemka. Mazigazi ndiyo yanayotulazimisha kushusha zumu saa tano asubuhi mpaka alasiri, na kushusha zumu ndiko kunakoiumiza SFP yenye alama. Kwa hiyo anayepiga chuma kwenye umbali tofautitofauti, akishikia alama kwa mshuko na kwa upepo, na mwenzake anamsomea makosa kwa mili kutoka kwenye darubini yake, namshauri FFP bila kusita, na aongeze pesa. FFP nzuri huwa ghali zaidi, na FFP ya bei ya kutupa ni mbaya kuliko SFP ya bei hiyohiyo, kwani fedha iliyopaswa kwenda kwenye lenzi imekwenda kwenye neno lililoandikwa juu ya boksi.

Anayepiga umbali mmoja unaojulikana, anayezungusha nobu, anayetaka makundi madogo kwenye karatasi, au mwenye .22 kwenye mita 50, asidanganywe. SFP itamtumikia vyema na chenji itabaki ya kununua risasi, ambazo ndizo zitakazomfundisha kupiga.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kuzungusha pete ya zumu ukichungulia. Msalaba ukikua na kupungua pamoja na picha, ni FFP. Ukibaki vilevile huku picha ikibadilika, ni SFP, hata muuzaji aape vipi. Kama ni SFP, mwulize namba yake ya kweli ni ngapi. Asipoijua, omba mkutane uwanjani na ile karatasi ya mistari. Na kama unaagiza kutoka nje, ulizia kwanza kwenye Bodi ya Leseni za Silaha utaratibu wa kuingiza kifaa cha bunduki, uwe na leseni yako mkononi, kabla hujatuma pesa.